Chumvi Asidi za Sodiamu: Tabia Zake na Hatari Zake

Baada ya kusoma sehemu hii utaweza:
(a) kueleza maana ya chumvi asidi;
(b) kueleza jinsi sodiamu haidrojeni salfati, NaHSO₄, inavyotengenezwa na kuandika milinganyo ya mimenyuko yake;
(c) kutofautisha NaHSO₄ na NaHCO₃ kwa majaribio;
(d) kutaja hatari za NaHSO₄ na hatua za kuchukua ajali inapotokea.

1. Utangulizi

Mtahiniwa akisikia "chumvi asidi" huwa na haraka ya kuandika kwamba mmumunyo wake hugeuza litmasi ya buluu kuwa nyekundu. Kwa NaHSO₄ jibu hilo ni sahihi. Kwa NaHCO₃ si sahihi, ingawa nayo ni chumvi asidi. Ziangalie kwa macho: zote ni nyeupe, zote ni za sodiamu, na zote huyeyuka katika maji. Moja hutiwa kwenye unga wa maandazi. Nyingine ikiingia machoni inaweza kukuharibia uwezo wa kuona.

Kwa hiyo shika jambo hili kabla hujasonga mbele: jina "chumvi asidi" linaeleza chumvi ilivyoundwa. Halielezi mmumunyo wake utafanya nini kwenye litmasi. Tabia ya mmumunyo huijui mpaka uipime au uijue asidi iliyoizaa chumvi hiyo.

2. Chumvi asidi ni nini?

Chumvi hupatikana pale haidrojeni ya asidi inapobadilishwa na metali au ayoni ya amonia. Asidi ya haidrokloriki, HCl, ina haidrojeni moja tu ya kubadilishwa, hivyo na sodiamu hutoa chumvi moja: NaCl. Asidi ya salfuriki, H₂SO₄, ina mbili. Hapo pana njia mbili:

- Haidrojeni zote mbili zikibadilishwa, tunapata Na₂SO₄. Hii ni chumvi kamili.
- Haidrojeni moja ikibadilishwa na nyingine ikabaki, tunapata NaHSO₄. Hii ni chumvi asidi.

Vivyo hivyo, asidi ya kaboniki, H₂CO₃, hutoa chumvi kamili Na₂CO₃ na chumvi asidi NaHCO₃.

*Fasili ya kukariri:* Chumvi asidi ni chumvi inayoundwa pale sehemu tu ya haidrojeni inayoweza kubadilishwa katika asidi inapobadilishwa na metali au amonia.

Chumvi kamili Na₂SO₄ nayo ina sifa zake. Karatasi ngumu ya kahawia, ya aina inayotengenezwa katika kiwanda cha Mgololo wilayani Mufindi, Iringa, hutokana na njia ya kupika mbao iitwayo njia ya salfati. Njia hiyo ilipata jina lake kutokana na chumvi hii ya Na₂SO₄. Angalia basi: haidrojeni moja ikiondoka, chumvi inabadilika jina, tabia na kazi.

3. Jinsi NaHSO₄ inavyotengenezwa

*Njia ya kwanza: kupunguza alkali.* Chukua 25 cm³ za H₂SO₄ yenye 0.1 M, weka fenolfthalini, kisha dondosha NaOH ya 0.1 M kutoka kwenye bureti. Kiashiria kitabadilika rangi baada ya 50 cm³:

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Sasa rudia bila kiashiria. Asidi iwe ile ile 25 cm³, lakini alkali iwe nusu ya kiasi cha mwanzo, yaani 25 cm³:

H₂SO₄ + NaOH → NaHSO₄ + H₂O

Punguza maji kwa kuchemsha, acha mmumunyo upoe, na fuwele zitajitokeza. Mtahini hupenda kuuliza kwa nini hatuweki kiashiria mara ya pili. Sababu ni mbili: kiashiria kingechafua fuwele, na tena fenolfthalini haibadiliki rangi kwenye nusu ya safari.

*Njia ya pili: chumvi ya mezani na asidi nzito.* Unaifahamu kutoka somo la kutengeneza gesi ya haidrojeni kloraidi:

NaCl + H₂SO₄ → NaHSO₄ + HCl

Huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, watu wametengeneza chumvi kutokana na maji ya chemchemi kwa karne nyingi. Chumvi hiyo ni NaCl hasa. Ukiimwagia asidi ya salfuriki nzito na kuipasha moto kidogo, gesi itatoka na kinachobaki chini ya chupa ni NaHSO₄. Wanafunzi wengi hukumbuka gesi wakasahau kilichobaki. Mwalimu naye huosha chupa hiyo kwa uangalifu, kwa sababu kilichomo bado ni kikali.

4. Tabia za kimaumbile

- Ni fuwele au chengachenga nyeupe, isiyo na harufu.
- Huyeyuka kwa urahisi katika maji. Mmumunyo huwa na joto kidogo.
- Hufyonza unyevu wa hewa na kugandamana kuwa mabonge. Jambo hili lina maana kubwa katika mahali kama Tukuyu, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Chombo kisichofungwa vizuri hakikai muda mrefu kabla ya unga kuwa tope.
- Isiyo na maji ya fuwele huyeyuka kwa joto la takriban 315 °C, na hapo huanza kuvunjika.

5. Tabia za kikemia

Katika maji, chumvi hii huachia ayoni za haidrojeni:

NaHSO₄ → Na⁺ + H⁺ + SO₄²⁻

Ayoni hiyo ya H⁺ ndiyo chanzo cha yote yanayofuata. Mmumunyo wa 0.1 M una pH kati ya 1 na 2. Litmasi ya buluu huwa nyekundu, nayo mimenyuko ni ile ile uliyojifunza katika mada ya asidi.

(i) *Pamoja na alkali:* hutoa chumvi kamili na maji.
NaHSO₄ + NaOH → Na₂SO₄ + H₂O

(ii) *Pamoja na kabonati na haidrojeni kabonati:* mapovu hutoka, na gesi hiyo hufanya maji ya chokaa kuwa kama maziwa.
2NaHSO₄ + Na₂CO₃ → 2Na₂SO₄ + H₂O + CO₂
NaHSO₄ + NaHCO₃ → Na₂SO₄ + H₂O + CO₂

(iii) *Pamoja na metali kama magnesiamu na zinki:* hutoa haidrojeni, ambayo huwaka kwa mlio mdogo wa kupasuka ukiisogezea njiti yenye moto.
Zn + 2NaHSO₄ → ZnSO₄ + Na₂SO₄ + H₂

(iv) *Pamoja na bariamu kloraidi:* mashapo meupe yasiyoyeyuka katika HCl hafifu. Hili ni jaribio la ayoni ya salfati.
BaCl₂ + NaHSO₄ → BaSO₄ + NaCl + HCl

(v) *Ikipashwa moto mkali:* kwanza hupoteza maji, kisha hutoa salfa trayoksaidi, moshi unaochoma koo na mapafu.
2NaHSO₄ → Na₂S₂O₇ + H₂O
Na₂S₂O₇ → Na₂SO₄ + SO₃

6. Ndugu yake mpole: NaHCO₃

Ukitaka kuona ayoni ya haidrojeni kabonati, HCO₃⁻, ikifanya kazi katika Nyanda za Juu Kusini, nenda kwenye chemchemi za maji moto za Songwe, magharibi ya Jiji la Mbeya. Maji hayo hutoka ardhini yakiwa na ayoni nyingi za sodiamu na haidrojeni kabonati, pamoja na kalsiamu. Yakifika juu, gesi ya CO₂ huponyoka, na ayoni za kalsiamu hutulia chini kama mawe meupe ya chokaa:

Ca²⁺ + 2HCO₃⁻ → CaCO₃ + H₂O + CO₂

Wilayani Rungwe nako gesi ya CO₂ huvunwa moja kwa moja kutoka ardhini kwa matumizi ya viwandani.

Jikoni unaikuta chumvi hii kwa sura mbili. Ya kwanza ni soda ya kupikia, ambayo ni NaHCO₃ yenyewe. Ya pili ni magadi. Magadi ya asili ni mchanganyiko wa chumvi kamili na chumvi asidi katika fuwele moja: Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Mjini Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji huchemka kwenye joto la karibu 94 °C badala ya 100 °C. Maharage huchelewa kuiva, na mpishi hutia magadi kidogo ili yalainike upesi. Kinacholainisha maharage hayo ni ubesi wa magadi. Asidi isingefanya kazi hiyo.

Kwa nini NaHCO₃ si kali ilhali ina haidrojeni kama NaHSO₄? Tazama wazazi. H₂SO₄ ni asidi yenye nguvu, na hata haidrojeni yake ya pili huachiwa kwa urahisi. H₂CO₃ ni asidi dhaifu, haidrojeni yake ya pili imeshikwa sana na haitoki. Badala ya kutoa H⁺, ayoni ya HCO₃⁻ hupokea H⁺ kutoka kwenye maji, ikaacha OH⁻. Ndiyo maana mmumunyo wake una pH ya karibu 8.3, na litmasi nyekundu huelekea kwenye buluu.

| Jaribio | NaHSO₄ | NaHCO₃ |
|---|---|---|
| Litmasi | Buluu huwa nyekundu | Nyekundu huelekea buluu |
| HCl hafifu | Hakuna mapovu | Mapovu ya CO₂ |
| Utepe wa magnesiamu | Mapovu mengi ya H₂ | Hakuna mapovu mengi |
| BaCl₂ pamoja na HCl hafifu | Mashapo meupe | Hakuna mashapo |
| Kupasha moto | Maji, kisha moshi wa SO₃ kwa moto mkali | CO₂ na maji kwa moto mdogo |

*Nyongeza muhimu:* Ukipewa NaHCO₃ na Na₂CO₃ uzitofautishe, tumia mmumunyo wa magnesiamu salfati. Na₂CO₃ hutoa mashapo meupe papo hapo bila joto. NaHCO₃ hutoa mashapo baada ya kuchemshwa tu.

7. Hatari za NaHSO₄

Fikiria chombo kisicho na lebo katika stoo ya maabara. Lebo ilikuwapo, ikabanduka kwa unyevu. Ndani kuna unga mweupe. Mmoja anasema ni chumvi, mwingine anasema ni soda. Mtu anachovya kidole aonje. Hapo ndipo elimu uliyoipata katika kurasa hizi inapohitajika kuliko ndani ya chumba cha mtihani.

*Macho.* Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Chembe ya NaHSO₄ ikikutana na machozi huyeyuka na kuwa asidi juu ya mboni. Madhara yake yanaweza kuwa ya kudumu.

*Ngozi.* Ngozi kavu inaweza isihisi kitu mara moja. Mkono wenye jasho au maji huwashwa na kuchomwa.

*Kinywa na tumbo.* Ikimezwa kwa wingi huunguza mdomo, koo na tumbo.

*Mapafu.* Vumbi lake huwasha pua na koo. Moshi wa SO₃ ni mbaya zaidi.

*Metali na sakafu.* Unga ukipata unyevu ndani ya kopo la bati, hula kopo na kutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka. Hula pia sakafu ya saruji, kwa sababu saruji ina misombo ya kalsiamu inayomenyuka na asidi.

*Kuchanganya na jiki.* Baadhi ya dawa za unga za kusafishia vyoo, na dawa za kushusha pH ya maji katika mabwawa ya kuogelea, zina NaHSO₄. Mtu akitaka choo king'ae zaidi, huenda akamwaga na jiki juu yake. Jiki ina NaOCl na NaCl, na matokeo ni gesi ya klorini:

NaOCl + NaCl + 2NaHSO₄ → 2Na₂SO₄ + H₂O + Cl₂

Klorini ni gesi ya sumu. Katika choo kidogo chenye dirisha lililofungwa kwa sababu ya baridi, pumzi chache zinatosha kumdhuru mtu. Usichanganye dawa mbili za usafi, hata kama kila moja peke yake ni salama. Waeleze na walioko nyumbani.

8. Hatua za kuchukua

1. *Ikiingia machoni:* osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kope zikiwa wazi. Kisha nenda kituo cha afya. Usitie soda wala alkali yoyote machoni kwa nia ya kuua asidi. Mmenyuko huo hutoa joto, na alkali yenyewe hudhuru jicho.
2. *Ikimwagika mwilini:* kung'uta unga mkavu kwanza, vua nguo iliyochafuka, kisha osha kwa maji mengi.
3. *Ikimezwa:* suuza kinywa, mpe mgonjwa maji kidogo kidogo kama ana fahamu, mpeleke hospitali. Usimtapishe, maana kitu kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda.
4. *Vumbi au gesi ikivutwa:* mtoe mtu kwenye hewa safi.
5. *Ikimwagika sakafuni:* zoa unga ukiwa mkavu. Mabaki yanyunyizie NaHCO₃ mpaka mapovu yakome, ndipo uoshe.
6. *Kuhifadhi:* chombo cha plastiki au kioo chenye mfuniko unaobana, mahali pakavu, mbali na jiki, kabonati na metali. Lebo iandikwe jina na fomula. Lebo ikibanduka, mwambie mwalimu. Usibahatishe, usionje.

9. Maswali yaliyofanyiwa kazi

(Na = 23, H = 1, C = 12, S = 32, O = 16; ujazo wa moli moja ya gesi katika s.t.p. = 22.4 dm³)

Swali la 1. Gramu 6.0 za NaHSO₄ ziliyeyushwa katika maji na mmumunyo ukafikishwa 500 cm³. Tafuta (a) molariti ya mmumunyo, (b) ujazo wa NaOH ya 0.1 M unaohitajika kwa 25 cm³ za mmumunyo huo.

*Jibu.* (a) Masi ya moli moja ya NaHSO₄ = 23 + 1 + 32 + (4 × 16) = 120 g.
Idadi ya moli = 6.0 ÷ 120 = 0.05.
Molariti = 0.05 ÷ 0.5 = 0.1 M.

(b) Mlinganyo: NaHSO₄ + NaOH → Na₂SO₄ + H₂O. Uwiano ni 1 : 1.
Moli za chumvi katika 25 cm³ = 0.1 × 25 ÷ 1000 = 0.0025.
Ujazo wa NaOH = 0.0025 × 1000 ÷ 0.1 = 25 cm³.

Hapa ndipo wengi huteleza. Huona "salfati" wakakumbuka H₂SO₄, wakaweka uwiano wa 1 : 2 na kupata 50 cm³. Haidrojeni iliyobaki ni moja, hivyo OH⁻ inayohitajika ni moja.

Swali la 2. Gramu 12 za NaHSO₄ zimemwagika mezani. (a) Ni gramu ngapi za NaHCO₃ zinatosha kuimaliza asidi yote? (b) Ni ujazo gani wa CO₂ utatoka katika s.t.p.?

*Jibu.* (a) Moli za NaHSO₄ = 12 ÷ 120 = 0.1. Uwiano na NaHCO₃ ni 1 : 1, hivyo moli za NaHCO₃ ni 0.1.
Masi ya moli moja ya NaHCO₃ = 23 + 1 + 12 + 48 = 84 g.
Masi inayohitajika = 0.1 × 84 = 8.4 g.

(b) Moli za CO₂ = 0.1. Ujazo = 0.1 × 22.4 = 2.24 dm³.

Zingatia: chumvi asidi moja imeimaliza chumvi asidi nyingine. Ukielewa kwa nini hilo linawezekana, umeielewa mada nzima.

10. Makosa ya kuepuka

- Kusema kila chumvi asidi ina pH chini ya 7.
- Kuandika NaHSO₄ kama Na₂HSO₄ au NaSO₄. Ayoni ya HSO₄⁻ ina chaji moja, nayo Na⁺ ina moja.
- Kutoa jibu la hatari kwa neno moja, "ni hatari". Taja kiungo kinachodhurika na sababu ya kikemia.
- Kusahau kwamba karatasi ya Kemia utaijibu kwa Kiingereza. Ukijisomea kwa Kiswahili upate maana, andika kila mlinganyo mara mbili au tatu. Fomula hazibadiliki lugha, nazo zitakukumbusha maelezo.

11. Zoezi

1. Eleza kwa nini NaCl haiwezi kuwa chumvi asidi.
2. Una chupa mbili zisizo na lebo, moja ya NaHSO₄ na nyingine ya NaHCO₃. Eleza jaribio moja, bila kuonja wala kunusa, litakalozitofautisha.
3. Mtu ameosha choo kwa unga wenye NaHSO₄, kisha akamwaga jiki. Andika mlinganyo na umshauri afanye nini mara moja.
4. Ni ujazo gani wa haidrojeni katika s.t.p. utatoka pale gramu 24 za NaHSO₄ zitakapomenyuka zote na zinki?

*Majibu kwa ufupi:* (1) HCl ina haidrojeni moja tu. Ikibadilishwa haibaki nyingine. (2) Yeyusha kidogo ya kila moja katika maji, tumbukiza litmasi ya buluu: inayogeuka nyekundu ni NaHSO₄. (3) Mlinganyo uko sehemu ya 7. Atoke nje kwenye hewa safi, aache mlango wazi, asirudi mpaka gesi iishe, na akikohoa au kubanwa kifua aende hospitali. (4) Moli 0.2 za chumvi hutoa moli 0.1 za H₂, sawa na 2.24 dm³.